Je, wajua? Mtindi hauachi kuchacha kwa sababu sukari imekwisha

Kwa joto la Lamu, maziwa mabichi yaliyovushwa asubuhi kutoka upande wa Mokowe yakisahaulika bila kuchemshwa, haichukui muda yameshika, na juu yamejitenga maji ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Yakiachwa zaidi ukali unapanda, kisha unafika mahali na kugoma. Unagomea nini?

Wengi hujibu kwamba bakteria wamemaliza sukari. Jibu hilo linaingia akilini, ila si kweli. Maziwa ya ng'ombe yana takriban gramu 5 za laktosi katika kila gramu 100, na mtindi ukishaganda zaidi ya nusu ya sukari hiyo bado imo. Chakula kipo tele, walaji hawaongezeki. Hata ile kauli kwamba mtu ambaye tumbo lake halipatani na maziwa huuweza mtindi kwa kuwa "hauna sukari" imetiwa chumvi: sukari ipo, na sehemu kubwa ya msaada hutoka kwa kimeng'enya cha bakteria haohao, kinachoendelea kuivunja utumboni.

Kinachowakwamisha ni asidi ya laktiki waliyoitengeneza wenyewe. Maziwa mabichi yana pH (kipimo cha asidi: ikishuka, ukali umepanda) ya karibu 6.6, yakishuka hadi karibu 4.6 huganda.

Chukua mashua ya wavuvi wanne inayovuja. Maji ya ngama yakiwa kidogo, mmoja anayafua na watatu wanavua. Yakizidi wanafua wawili, halafu watatu. Mwisho wote wanne wanafua maji: mashua haizami, lakini samaki hakuna. Utando wa bakteria umezibwa kama ubao uliotiwa kalafati, kwa hiyo ioni za haidrojeni, chembe zenye chaji zinazoleta ukali wa asidi, zilizo nje hazipiti kirahisi. Molekuli nzima ya asidi ya laktiki, isiyo na chaji, hupenya. Ikifika ndani, mahali pasipo na ukali mwingi, inavunjika na kuachia ioni yake humohumo. Pampu za utando huirudisha nje, na kila safari inalipiwa nishati itokayo kwenye sukari, nishati ambayo ingetumika kukua.

Hapo ndipo pana kioja ninachokipenda. Bakteria anaweza kuendelea kula sukari na kutoa asidi bila kugawanyika hata mara moja, kwa hiyo mtindi huzidi ukali kwa muda ilhali idadi yao haipandi. Kukua na kufanya kazi si jambo moja.

Maabara huonyesha hivyo kwa chupa mbili za maji ya virutubisho yaleyale. Moja ikidondoshewa alkali ili pH isishuke, huendelea kuchafuka kwa wingi wa bakteria muda mrefu baada ya mwenzake kukwama. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur, aliyeeleza uchachu huu kuwa kazi ya viumbe hai mwaka 1857, alitumia chaki kuipoza asidi. Chaki ni kalsiamu kaboneti, kemikali ileile ya mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji wa Kale wa Lamu.

Watafiti hawajakubaliana kama kinachoumiza zaidi ni ioni zenyewe au mabaki ya asidi yanayorundikana ndani ya seli. Tena jamii za bakteria hutofautiana kwa ustahimilivu, na chupa iliyotiwa sukari kidogo inaweza kweli kukwama kwa njaa. Kutofautisha njaa na asidi si kazi: iongeze sukari chupa iliyokwama. Isipotikisika, jaribu alkali.