Mrejesho ni nini: jinsi jicho la deki linavyoshika fokasi

Nilipokuwa kijana nilishinda sana kwa fundi mmoja wa redio, Majengo, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kutumwa chai. Kilichonishangaza zaidi pale ni deki ya CD ikiwashwa huku imefunguliwa kifuniko na haina diski ndani. Lile jicho dogo, lenzi isiyofika ukubwa wa punje ya mbaazi, lilikuwa likipanda na kushuka mara mbili tatu, mfano wa samaki aliyetolewa majini, kisha likatulia na kioo kikaandika kwamba hakuna diski. Nikimuuliza fundi, jibu lake lilikuwa neno moja: "Yatafuta."

Ili kuelewa inatafuta nini, tuanze na neno mrejesho. Katika uhandisi, mrejesho ni mtambo kupima matokeo ya kazi yake wenyewe, kisha kuyatumia kuirekebisha kazi hiyohiyo. Tangi la maji juu ya dari lina mrejesho: maji yakijaa, boya huinuka na kufunga valvu, yakipungua, boya hushuka na valvu hufunguka. Hakuna mtu anayesimama pale kuangalia (siku maji yanapokuja, maana hiyo ni hadithi nyingine). Mhandisi James Watt alitumia wazo hilo kutuliza mwendo wa injini ya mvuke mwaka 1788, na mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell akaliandikia hesabu zake.

Sasa, kwa nini deki ihitaji haya yote? Si wangeifunga lenzi kwa skrubu mahali pake, basi?

Hapana. Diski ya CD ni plastiki ya unene wa milimita 1.2, na data zimechapwa upande wa juu, chini ya lebo. Mwanga wa leza hupita ndani ya plastiki yote hiyo na kukutana kwenye nukta moja ndogo mno, ndiyo fokasi. Nukta hiyo hubaki kali iwapo lenzi haijakosea umbali wake kwa zaidi ya maikromita 2 hivi, juu au chini. Unywele wa mtu una unene wa kama maikromita 70. Na diski yenyewe haiko bapa kabisa: inapozunguka, mara 500 kwa dakika mwanzoni na kama 200 mwishoni, ukingo wake unaweza kupanda na kushuka karibu nusu milimita. Hiyo ni diski isiyo na kasoro, achilia mbali iliyosahauliwa juu ya dashibodi ya gari juani. Nusu milimita ni maikromita 500. Hakuna skrubu ya kumudu hilo, kwa hiyo lenzi haina budi kucheza pamoja na diski.

Kuichezesha ni kazi rahisi. Lenzi huning'inizwa kwa nyaya laini, hufungwa koili (waya uliozungushwa), na koili huwekwa kati ya sumaku, kama spika ilivyo. Umeme ukienda huku, lenzi hupanda; ukigeuzwa, hushuka.

Ugumu uko kwenye kujua ipande au ishuke. Mwanga uliopoteza fokasi hutanuka ukawa doa, na doa hilo hutanuka vilevile ikiwa lenzi iko karibu mno au mbali mno. Yaani ukungu unakwambia umekosea, haukwambii umekosea upande gani. Kamera ya simu inayopima ukali wa picha peke yake hukumbwa na tatizo hilohilo. Ndiyo maana wakati mwingine unaiona ikienda mbele na kurudi nyuma kabla haijaupata uso wa mtu. Kwenye simu tunavumilia. Kwenye CD muziki ungekatika.

Hila iliyotumika kwenye deki nyingi naipenda kuliko kitu chochote ndani ya mashine ile. Mwanga unaorudi kutoka kwenye diski hupitishwa kwenye lenzi ya pili, iliyopinda upande mmoja tu, kama kipande cha gilasi ya maji. Lenzi ya namna hiyo hulipotosha doa makusudi. Fokasi ikiwa sawa, doa ni duara. Diski ikisogea karibu, duara hugeuka yai lililolala kwa mshazari huu. Ikienda mbali, yai hulala kwa mshazari wa pili. Doa hilo huangukia kihisi cha mwanga kilichogawanywa vyumba vinne. Mashine hujumlisha vyumba viwili vinavyokabiliana pembe kwa pembe, na kutoa jumla ya viwili vilivyobaki. Jibu likiwa sifuri, tulia. Likiwa chanya, nenda huku. Hasi, nenda kule. Hesabu ya kutoa tu, na upande wa kosa umejulikana.

Lakini kujua upande hakutoshi. Aliyewahi kumwona mtu akishika sukani ya mashua kwa mara ya kwanza ananielewa: omo, yaani pua ya chombo, ikienda kushoto, yeye anapindua kulia kwa nguvu, chombo kinachelewa kuitika, naye anazidisha, kikiitika kinapita kiasi, anapindua tena kushoto, na nyuma yake maji yamechorwa nyoka. Lenzi iliyopewa marekebisho makali mno hufanya vivyo hivyo, ila kwa kasi ambayo unaisikia: deki inazomea. Nahodha mzoefu haangalii omo imepotoka kiasi gani tu, huangalia pia inapotoka kwa kasi gani, na hurudisha sukani kabla chombo hakijanyooka. Saketi ya fokasi imeundwa kuangalia vitu hivyohivyo viwili.

Turudi kwa "yatafuta". Lile doa la yai huonekana tu lenzi ikiwa tayari iko karibu sana na fokasi. Nje ya hapo kihisi hakioni cha maana. Kwa hiyo deki huanza kwa kupandisha na kushusha lenzi bila mrejesho wowote. Ishara ikitokea na kupita sifuri, saketi hujifunga papo hapo na kuishikilia. Isipotokea, inakata tamaa.

Vumbi na hewa ya chumvi vikiufunika uso wa lenzi, mwanga unaorudi hufifia na ishara hudhoofika, hata deki ikadai hakuna diski na wewe unaiona imo. Mafundi wengine hapo hukimbilia kiskrubu cha kuongeza nguvu ya leza. Deki inaimba, mteja anaondoka na furaha, na leza inaungua baada ya muda. Wa Majengo alianza na pamba na tone la spiriti, umeme umezimwa, kwa sababu mwanga wa CD, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, karibu hauonekani kwa macho na bado unaweza kuyadhuru.