Naibu Postamasta Mkuu: cheo kilichoendesha posta ya makoloni ya Marekani

Ukisoma habari za Benjamin Franklin, mchapaji wa Philadelphia na mmoja wa waasisi wa Marekani, utakutana na cheo chake cha Naibu Postamasta Mkuu. Kama yeye ndiye aliyekuwa juu ya maposta yote ya makoloni ya Uingereza huko Marekani, alikuwa naibu wa nani? Postamasta Mkuu mwenyewe alikaa London. Naibu alimshikia nafasi ng'ambo ya bahari, akiwa na kazi mbili ambazo hazikai vizuri kwenye chungu kimoja: kufikisha barua za watu na kumwingizia mfalme pesa.

Mwanzoni hata huyo naibu hakuwepo. Mwaka 1639 utawala wa Massachusetts uliagiza barua za ng'ambo zipitie nyumbani kwa Richard Fairbanks, mjini Boston, naye apate peni moja kwa kila barua. Kwingineko ilikuwa barua ya mkono: unampa nahodha au jirani anayesafiri, kisha unasubiri. Mwaka 1673 Gavana Francis Lovelace wa New York alianzisha tarishi wa farasi wa kwenda Boston mara moja kwa mwezi, lakini mwaka huohuo Waholanzi wakautwaa tena mji na mpango ukafa. Njia aliyopita tarishi ilibaki, na hadi leo inaitwa Barabara ya Posta ya Boston.

Cheo chenyewe kilizaliwa kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1692 Mfalme William na Malkia Mary walimpa Thomas Neale haki ya kuendesha posta ya Amerika Kaskazini kwa miaka 21, kwa ijara ya shilingi 6 na peni 8 kwa mwaka. Neale hakukanyaga Marekani hata siku moja. Alimteua Andrew Hamilton, aliyekuwa gavana wa New Jersey, amfanyie kazi huko, na huyo ndiye naibu wa kwanza. Posta ikala pesa kuliko ilizoingiza. Neale akafa mwaka 1699 akiwa na madeni, na mwaka 1707 serikali ikainunua haki hiyo kutoka kwa waliorithi biashara yake. Sheria ya Bunge ya mwaka 1710 ikaunganisha posta zote za himaya chini ya Postamasta Mkuu mmoja, na New York ikawa makao ya posta ya makoloni.

Naibu hakuwa na jengo la kujivunia. Postamasta wa mji alifanyia kazi nyumbani kwake, dukani au kwenye baa, na ujira wake ulikuwa sehemu ya makusanyo. Wengi walikuwa wachapaji wa magazeti, na hilo halikuwa bahati tu: mwenye posta hupata habari wa kwanza, na ndiye anayeamua gazeti la nani libebwe. Andrew Bradford, postamasta wa Philadelphia, aliwakataza matarishi kubeba gazeti la Franklin. Franklin akawa anawahonga walibebe kimyakimya. Mwaka 1737 Franklin akapewa nafasi hiyohiyo ya Bradford.

Hebu tuitazame barua moja ya wakati huo. Haina bahasha wala stempu. Ni karatasi iliyokunjwa, ikafungwa kwa lakiri, na anwani ikaandikwa mgongoni. Pembeni kuna tarakimu ya wino, tuseme 3. Hizo si peni. Kila koloni lilikuwa na pesa yake na thamani yake, kwa hiyo posta ilihesabu kwa uzito wa fedha, kwa kipimo cha peniweti, na peniweti moja ilikuwa sawa na peni 3 za Uingereza. Barua ya karatasi moja kutoka New York hadi Philadelphia ilitozwa peni 9, ndiyo hiyo 3. Ukiongeza karatasi ya pili bei inakuwa maradufu, hata ikiwa na mistari miwili tu. Kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Asipokuja kuichukua, posta imekula hasara ya safari nzima, ndiyo maana majina ya wenye barua zilizolala yalikuwa yakitangazwa magazetini.

Mwaka 1753 unaibu ulipewa watu wawili kwa pamoja, Franklin na William Hunter wa Virginia. Mshahara wao ulikuwa pauni 600 kwa mwaka kwa wote wawili, mradi posta yenyewe ipate faida ya kuwalipa. Haikupata. Kwa maelezo ya Franklin, katika miaka minne ya kwanza posta ilifikia kudaiwa nao zaidi ya pauni 900, pesa walizotoa mifukoni kuitengeneza. Walichapa maelekezo ya kutunza hesabu ili kila postamasta aandike kwa mtindo mmoja, wakakagua njia, wakaongeza safari. Jibu kati ya Philadelphia na Boston lililokuwa likichukua wiki sita likaanza kufika kwa tatu. Mwaka 1760 Franklin aliripoti London kwamba posta ya makoloni imepata faida, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Lakini je, malipo hayo yalikuwa ada au kodi? Watu wa Virginia walishalalamika tangu mwaka 1718 kwamba Bunge la London halina haki ya kuwatoza pasipo ridhaa ya baraza lao. Mwaka 1766 Franklin aliulizwa swali hilo mbele ya Bunge lenyewe. Alijibu kwamba ni malipo ya huduma, na asiyetaka anaweza kumtuma mtumishi wake. Jibu la kisheria, na zuri. Ila mtu akishakasirikia serikali, tofauti hiyo haimwingii.

Na walikasirika. Hugh Finlay, mkaguzi wa posta aliyezunguka makoloni mwaka 1773 na 1774, aliwakuta matarishi wa New England wakibeba barua na mizigo ya watu kwa malipo yao wenyewe, huku mkoba wa mfalme ukiwa mwepesi. Kila mtu alijua. Postamasta ambaye angethubutu kushtaki angechukiwa na majirani zake, kwa hiyo alinyamaza.

Januari 1774 London ikamfukuza Franklin kwa sababu ya barua za faragha zilizoandikwa na Gavana Hutchinson wa Massachusetts, ambazo Franklin alizituma Boston zikaishia kuchapwa. Mchapaji William Goddard akaanza kujenga posta nyingine isiyo ya mfalme. Tarehe 26 Julai 1775 Kongresi ya makoloni ikaunda posta yake na kumweka Franklin kuiongoza, kwa dola 1,000 kwa mwaka bila sharti la faida. Posta ya mfalme ilisimamisha safari za ndani siku ya Krismasi mwaka huohuo. Cheo kipya cha Franklin kilikuwa Postamasta Mkuu, bila neno "Naibu" mbele yake.