Upinde, nguruwe wa sponji na kesi ya nyara: yanayosemwa Tanga kuhusu mashindano ya mishale

Siku hizi video za mashindano ya upinde ya Marekani zinafika mpaka kwenye baraza za kahawa za Ngamiani. Watu wazima waliovaa nguo za mabaka wanatembea msituni, mmoja anavuta upinde, mshale unazama ubavuni mwa mnyama, wenzake wanapiga makofi. Simu inazungushwa mkono kwa mkono, na kila mwenye kikombe ana lake la kusema. Muuza kahawa wetu, kijana mwenye adabu zake, aliniuliza: "Ami, hawa hawaogopi kesi ya nyara?" Nikaona bora niyaandike, maana yanayosemwa pale ni mengi na mengi yake siyo.

"Mnyama kauawa, nimeona kwa macho yangu"

Aliyepigwa mshale ni sponji. Ni sanamu ya sponji ngumu iliyochongwa na kupakwa rangi, ikawekwa nyuma ya kichaka au kwenye mteremko: kulungu, nguruwe, dubu, bata mzinga. Ubavuni imechorwa miduara ambayo kwa mbali huioni. Washindani wanakwenda kwa makundi madogo, kituo hadi kituo, na kila kituo kina kigingi cha kusimamia. Kwa kanuni za World Archery, shirikisho la dunia lililoanzishwa mwaka 1931, vituo huwa 24. Mduara mdogo kabisa una alama 11, unaofuata 10, kisha 8, na ukigusa mwili tu unapata 5. Ukikosa, sifuri. Vilabu vya Marekani vina hesabu zao, vingine vinatoa hadi 12, ila mtindo ni huohuo.

Sasa ugumu uko wapi, ikiwa sanamu haikimbii? Uko kwenye umbali. Katika mashindano ya namna hii mara nyingi huambiwi ni mita ngapi, na kipima-umbali huruhusiwi kukitumia. Unatazama miti, kivuli na ukubwa wa sanamu, halafu unaamua. Tuseme mshale wako unakwenda mita 60 kwa sekunde. Umekadiria sanamu iko mita 20, kumbe iko 25. Mshale utapiga chini ya ulipolenga kwa sentimita 17 hivi. Kwenye karatasi ya alama hiyo ni 5 badala ya 10. Kwa mnyama wa kweli ni mguu uliovunjika, na mnyama anayekwenda kufia mbali bila faida kwa yeyote.

Hapo ndipo ilipo maana ya mashindano haya kwa wawindaji wa upinde. Msimu wao kwenye majimbo mengi ya Marekani unaanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo miezi ya kabla yake wanazunguka vilabuni kujipima. Mtu akigundua kwamba kupita mita 25 mishale yake inatawanyika, anajua kulungu aliye mita 35 si wake, amwache apite. Mimi kilichonivutia katika mchezo huu ni hicho: unamfundisha mtu mshale gani asiuachie.

Kuna jambo jingine ambalo sanamu haiwezi kulionyesha. Sauti inakwenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, na mshale wa upinde wa kisasa wenye kasi hauzidi sana mita 90. Maana yake kulungu aliye mita 30 anausikia upote, yaani kamba ya upinde, ukilia kabla mshale haujafika, na kwa kushtuka anachuchumaa ili aruke. Mshale uliolengwa sawasawa unapita juu ya mgongo. Ndiyo maana wazoefu wengi hujiwekea mpaka wa karibu kuliko ule ambao shabaha yao ingewaruhusu.

"Ni mchezo wa wanaume wenye vifua"

Hili nalisikia zaidi kwa vijana wa mazoezi ya kunyanyua vyuma. Mwaka 1908, kwenye Olimpiki ya London, dhahabu ya upinde ya wanawake ilichukuliwa na Queenie Newall akiwa na miaka 53. Timu ya wanawake ya Korea Kusini imetwaa dhahabu ya timu katika kila Olimpiki tangu mwaka 1988 mpaka Paris 2024, mara kumi mfululizo. Na Matt Stutzman wa Marekani, aliyezaliwa bila mikono, anavuta upinde kwa mguu na bega. Alipata fedha kwenye Paralimpiki ya London mwaka 2012 na dhahabu Paris mwaka 2024.

Upinde mwingi mnaouona kwenye video hizo ni ule wenye magurudumu kwenye ncha, ambao mimi nauita upinde wa kapi. Waliozoea kupandisha tanga la jahazi wataelewa mara moja. Aliyeubuni ni Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyeomba hataza mwaka 1966. Ukiuvuta mpaka mwisho, mzigo unapungua ghafla. Upinde unaovutwa kwa nguvu ya ratili 60, yaani kilo 27 hivi, unaweza kukuachia kilo tano na ushei tu za kushikilia huku unalenga. Inayofanya kazi ni misuli ya mgongo, katikati ya mabega, na hiyo hata bibi anayetwanga kwenye kinu anayo.

"Mishale ile ina sumu"

Fikira hii inatoka kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao kweli hupaka sumu ya mimea kwenye chembe, yaani ncha, za mishale ya wanyama wakubwa. Mwindaji wa klabu ya Marekani hatumii sumu. Chembe yake ina mabapa makali kama wembe, na mnyama anakufa kwa kutoka damu. Kwenye mashindano ya sanamu hata chembe hizo kwa kawaida hazitakiwi, kwa sababu zinaikatakata sponji mpaka ikawa haifai. Zinatumika ncha za mviringo, nyembamba kama risasi. Isidhaniwe kwamba kwa hiyo hazina madhara. Zinaua vilevile, na mshale ulioachiwa kuelekea juu unaweza kuangukia zaidi ya mita 200 kutoka ulipotoka. Uwanja wa mpira wa shule umeishia wapi hapo?

Kwenye mstari wa kurushia, amri ni filimbi. Mbili, washindani wanakwenda mstarini. Moja, warushe. Tatu, wakachukue mishale yao. Ukisikia tano au zaidi, kuna hatari, kila mtu ashushe upinde. Hata kuchomoa mshale kuna utaratibu wake: unaangalia kwanza nyuma yako hamna mtu, unaweka kiganja cha mkono mmoja kwenye shabaha kando ya mshale, unavuta kwa mwingine moja kwa moja bila kuupinda. Nyuma ya mshale mna nyoya na plastiki ya kushikia upote, na jicho la mwenzako lililo karibu halitapona likigongwa. Alama husomwa kabla mshale haujaguswa. Ukiwa umegusa tu mstari wa mduara, unahesabiwa alama ya juu, na kwenye kujadili kama umegusa au haujagusa ndipo watu wazima hupiga magoti wakakodolea macho milimita.

Lingine dogo, kwa wale wanaopenda kujaribu upinde wa mtu: usivute na kuachia bila mshale. Nguvu yote iliyotakiwa iondoke na mshale inarudi kwenye upinde, nao unaweza kupasuka mikononi mwako.

"Upinde hauna mlio, basi hauhitaji kibali"

Hapa naomba vijana wa Pangani, Mkinga na Muheza wanisikilize vizuri. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuuliza silaha yako inapiga kelele kiasi gani. Kuwinda bila leseni ni kosa, uwe na bunduki, mtego au upinde wa mwanzi. Kuwinda kwa sumu kumekatazwa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani hakuna kuwinda kabisa. Ukikutwa na nyama au ngozi usiyoweza kuieleza, hizo ni nyara za serikali, na kesi yake haimalizwi kwa mwenyekiti wa mtaa. Nguruwe pori akikumalizia mihogo, taarifa inakwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Na wale wa Marekani? Wana leseni, wana msimu wenye tarehe ya kuanza na kumalizika, wana idadi ya wanyama wasiyoruhusiwa kuizidi, na sehemu nyingi wanatakiwa wawe wamepita darasa la uwindaji. Askari wa wanyamapori wanawakagua. Tena pinde zinatozwa kodi maalumu ya asilimia 11, ambayo inakwenda kwenye uhifadhi wa wanyama na mafunzo ya wawindaji. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1937, na zana za upinde ziliingizwa miaka ya 1970. Kwa hiyo jibu la yule kijana wa kahawa ni kwamba wanaiogopa kesi kama sisi.

Uingereza ndiyo inanifurahisha. Kule kuwinda kwa upinde kumepigwa marufuku, lakini vilabu vya kulenga sanamu za wanyama msituni vipo na vina watu. Mchezo unaweza kusimama wenyewe bila uwindaji. Kwa Tanga, mimi naona hiyo ndiyo njia: sanamu au mabunda ya nyasi yaliyobanwa vizuri, boma refu la udongo nyuma yake, na mwalimu mwenye filimbi. Mkoa wenye mkonge kiasi hiki hauwezi kukosa kitu cha kuzuia mshale.

"Nyama ya mshale si halali, na mchezo wenyewe ni wa makafiri"

Nimeyasikia haya yakisemwa kwa uhakika mkubwa na watu wasiomuuliza shekhe yeyote. Mafundisho ya Kiislamu kuhusu mshale ni mengi na ya zamani. Saad bin Abi Waqqas anakumbukwa kuwa wa kwanza kurusha mshale katika Uislamu. Hadithi ya Adiy bin Hatim inaeleza uwindaji kwa kinagaubaga: utaje jina la Mwenyezi Mungu unapouachia mshale, silaha ikitoboa kwa ncha, kula, ikimuua mnyama kwa kumgonga ubapa, usile, kwa sababu huyo amekufa kwa kipigo. Na ukimkuta ameangukia majini, mwache, kwani hujui aliyemuua ni mshale au ni maji. Ukimdiriki akiwa hai, unamchinja. Haya mengine ya undani yana wenyewe, waulizwe.

Kuna katazo ambalo baraza yetu hailikumbuki: kiumbe chenye roho kisifanywe shabaha ya kujifunzia. Mtu anayemfunga kuku kwenye mti ili ajaribu upinde amekosea kabla hajafika kwa hakimu. Sanamu ya sponji inaondoa tatizo hilo lote. Nguruwe wa sponji hachinjwi wala haliwi.

"Klabu ni mahali pa kushindana tu"

Mashindano ni siku moja. Kabla yake kuna wikiendi za kufyeka njia, kubeba sanamu, kuziba zilizotoboka, kupigilia vigingi, na hakuna anayelipwa. Watu wa Usambara wangesema ni msaragambo, na hawangekosea. Klabu nyingi zina siku ya watoto yenye pinde laini na sanamu zilizowekwa karibu. Zina siku ya wanawake wanaoanza. Zina darasa la wawindaji wapya, ambapo mkongwe anamwonyesha kijana kwenye sanamu mapafu yako wapi na pembe ipi mshale hauyafikii. Katika majimbo mengi kuna mpango wa kupeleka nyama ya ziada kwa bucha linaloipima na kuifunga, kisha inakwenda kwa wasio na chakula. Mwanachama akiugua, klabu inaandaa shindano la kumchangia.

Fedha zao nyingi zinapatikana kwa kiingilio, chakula na tiketi za bahati nasibu. Hapo mzee mmoja barazani alikunja uso, akasema basi lote ni kamari. La. Zawadi ya mashindano ya mishale imeruhusiwa waziwazi katika hadithi mashuhuri inayoitaja pamoja na mbio za ngamia na farasi. Bahati nasibu ni kitu kingine, na klabu ya Tanga ingeweza kuiacha bila kupungukiwa: kiingilio cha washindani, pilau kwa sahani, na chai ya jioni, vikisimamiwa na akina mama wanaojua kuhesabu sahani kuliko sisi tunavyohesabu alama.