Kisanduku cha Me/Ke hakitoshi

Dhana: Wanawake tumeshawaweka kwenye utafiti, imetosha.

Katika dhana potofu kuhusu wanawake na utafiti wa tiba, hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Dodoso huanza vizuri: namba ya mshiriki, umri, kisha Me/Ke. Muuguzi anatia vema, anaendelea. Siku ya kuchambua takwimu, wote wanatiwa kapu moja, unatoka wastani mmoja, na ile vema haina kazi tena.

Tazama aspirini. Utafiti mkubwa wa Marekani, ambao ripoti yake ya mwisho kuhusu aspirini ilitoka 1989, ulifuatilia madaktari 22,071, wanaume watupu, ukaona imepunguza shambulio la kwanza la moyo. Mwaka 2005 ukatoka wa wanawake karibu 40,000: mashambulio ya moyo, kwa ujumla, hayakupungua, kilichopungua ni kiharusi. Dozi yao ilikuwa ndogo zaidi, nakubali. Hata hivyo, ukichanganya matokeo ya namna hiyo bila kutenganisha Me na Ke, kila upande unamezwa na mwenzake.

Dhana: Tofauti ya Me na Ke ni kilo tu.

Zolpidemu, dawa ya usingizi, iliidhinishwa Marekani 1992. Ilipofika 2013 ndipo mamlaka ya dawa ya huko ikaagiza dozi ya wanawake ishuke kutoka miligramu 10 hadi 5. Miili yao huiondoa polepole zaidi, hivyo asubuhi mtu anashika usukani dawa ingali kwenye damu. Uzito peke yake hauelezi tofauti hiyo. Zaidi ya miaka 20!

Dhana: Panya jike huvuruga vipimo kwa sababu ya homoni.

Uchambuzi wa 2014 uliopitia makala 293 za utafiti wa panya haukuona vipimo vya majike vikibadilika-badilika kuliko vya madume. Kwani dume hana homoni?

Dhana: Mwanamke mwenye shambulio la moyo haumwi kifua.

Huumwa. Maumivu ya kifua ndiyo dalili kuu kwa wote. Ila yeye mara nyingi zaidi huongeza kichefuchefu, kubanwa pumzi, maumivu ya mgongo au taya, na hapo ndipo anapopewa dawa ya vidonda vya tumbo akalale.

Dhana: Jinsi na jinsia ni mamoja.

Fomu zetu zenyewe huandika “jinsia” pale zinapouliza maumbile. Jinsi ni mwili. Jinsia ni nafasi ambayo jamii humpa mtu, mfano nani anayeshika nauli nyumbani. Mama aliyefika wodini siku ya tatu kwa sababu alimngoja mumewe arudi na hela ya bodaboda, ucheleweshaji wake hauonekani kwenye kipimo chochote cha damu. Inabidi aulizwe, na dodoso liwe na mahali pa kuandika jibu lake.