Baada ya kinu cha nyuklia kulipuka: maswali na majibu kuhusu mionzi

Je, mionzi huua papo hapo?

Inategemea umepata kiasi gani na kwa muda gani. Kinu namba 4 cha Chernobyl, Ukraine, kilipolipuka usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, wafanyakazi na wazimamoto 134 waliugua ugonjwa mkali wa mionzi. Kati yao, 28 walifariki katika miezi michache iliyofuata. Mgonjwa hutapika mapema, kisha huweza kuonekana amepata nafuu, kumbe uboho wake umeharibika: chembe za damu hupungua na kinga ya mwili huporomoka. Wakazi wa Pripyat, mji uliokuwa jirani kabisa, walihamishwa kesho yake mchana. Wao hawakupata ugonjwa huo mkali.

Kwa nini walioumia zaidi baadaye ni watoto?

Kwa sababu ya maziwa. Tezi ya shingo hutumia iodini, yaani madini joto, kutengeneza homoni, wala haiwezi kutofautisha iodini salama na ile yenye mionzi. Iodini-131, ndiyo hiyo yenye mionzi, ilitoka kinuni ikaanguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa. Tezi ya mtoto ni ndogo, kwa hiyo kiasi kilekile humuumiza zaidi kuliko mtu mzima. Tena maeneo mengi ya huko yalikuwa na upungufu wa madini joto, hivyo tezi zilikuwa na njaa nayo.

Kufikia mwaka 2005, wagonjwa zaidi ya 6,000 wa saratani ya tezi walikuwa wamegunduliwa Ukraine, Belarus na sehemu zilizoathirika za Urusi, miongoni mwa waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali. Wengi walitibiwa wakapona, lakini kwa kisu na kwa dawa za kumeza maisha yao yote. Kinachoniuma ni kwamba iodini-131 hupungua nusu kila siku 8. Baada ya miezi mitatu hivi huwa karibu imekwisha. Kama wazazi wangeambiwa mapema waache maziwa mabichi ya eneo lao kwa wiki hizo chache, wengi wa watoto hao wasingeugua. Hawakuambiwa kwa wakati.

Vidonge vya iodini vinasaidia?

Ndiyo, vikimezwa kabla kidogo ya mionzi kufika au ndani ya saa chache baada yake, na kwa maelekezo ya mamlaka ya afya. Huishibisha tezi ili isipokee iodini yenye mionzi. Poland iliwapa mamilioni ya watoto iodini siku chache baada ya Chernobyl. Lakini vidonge hivi hulinda tezi tu. Chumvi ya mezani haiwezi kuchukua nafasi yake, na iodini ya kupaka vidonda ni hatari kuinywa.

Aliyepigwa na mionzi anaambukiza?

Hapana. Linaloweza kuhama ni vumbi lenye mionzi lililo juu ya ngozi au kwenye nguo. Avue nguo za nje, zifungwe ndani ya mfuko, aoge kwa maji na sabuni bila kujisugua kwa nguvu. Kumtenga baada ya hapo ni kumwonea.

Kwa hiyo dawa ni kukimbia haraka?

Si kila mara. Katika ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, Machi 2011, hakuna aliyekufa kwa ugonjwa mkali wa mionzi, lakini kuhamishwa kwa pupa kuligharimu maisha ya wagonjwa na wazee, wengine wakikaa saa nyingi kwenye mabasi bila huduma. Kwa mgonjwa mahututi, kubaki ndani milango na madirisha yakiwa yamefungwa, huku usafiri wenye wauguzi ukiandaliwa, kunaweza kuwa salama zaidi.

Mionzi hukaa ardhini hadi lini?

Siziamu-137, dutu nyingine yenye mionzi inayotoka kinuni, hupungua nusu kila miaka 30 hivi. Ndiyo maana uyoga na wanyamapori wa misitu iliyoathirika huhitaji kupimwa hadi leo kabla ya kuliwa.