Mafunzo ya utafiti kwenye makumbusho ya viumbe: kazi iko kwenye droo

Mgeni anayeingia Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili ya Smithsonian, jijini Washington, hupokelewa na tembo wa Angola aliyesimama katikati ya ukumbi mkuu tangu 1959. Atapiga picha, atazunguka kumbi za mifupa na madini, kisha atatoka akiamini ameyaona makumbusho. Kumbe alichokiona hakifiki hata asilimia moja ya kilichomo. Vielelezo karibu milioni 148 vimehifadhiwa nyuma ya milango isiyofunguliwa kwa umma: ngozi za ndege kwenye droo za chuma, samaki kwenye chupa za spiriti, mimea mikavu iliyobandikwa kwenye karatasi, wadudu waliochomwa pini mmojammoja.

Huko nyuma ndiko anakopelekwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayepata nafasi ya mafunzo ya utafiti wakati wa majira ya joto. Vijana wengi wanaotuandikia kuomba nafasi wana picha nyingine kabisa kichwani. Wanadhani watafundishwa kutembeza wageni, au watakaa na mtaalamu awasimulie habari za wanyama. Sivyo. Watapewa swali ambalo jibu lake halijaandikwa kitabuni, na watatakiwa kulitafuta ndani ya droo.

Kwa Marekani, programu nyingi za aina hii huchukua wiki 10 hivi, kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, vyuo vinapokuwa likizo. Smithsonian wanayo, Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili ya New York wanayo, na Field Museum ya Chicago imepokea wanafunzi kwa utaratibu huohuo. Sehemu kubwa ya fedha hutoka Shirika la Taifa la Sayansi la nchi hiyo, NSF, ambalo tangu 1987 limekuwa likigharimia wanafunzi wa shahada ya kwanza wafanye utafiti wa kweli badala ya kusubiri hadi shahada ya pili. Mwanafunzi hupangiwa mlezi ambaye ni mwanasayansi wa makumbusho, hulipwa posho, na mara nyingi hupewa mahali pa kulala. Mwisho wa kipindi husimama mbele ya watafiti na kueleza alichokipata.

Wiki ya kwanza haina mbwembwe. Ni usalama, kwanza kabisa kwa sababu ngozi nyingi za zamani zilipakwa aseniki ili zisiliwe na wadudu, na sumu hiyo ingali humo. Glovu ni lazima, chakula ni marufuku, na kwenye vyumba vya mikusanyo huandikwa kwa penseli, maana tone moja la wino likidondokea ngozi ya miaka 100 halitoki tena. Baada ya hapo anajifunza kielelezo hutengenezwaje. Ndege aliyekufa hupasuliwa mstari mfupi kifuani, kisha ngozi huvuliwa taratibu kama mtu anavyogeuza soksi. Unga wa mahindi hunyunyizwa ufyonze damu na mafuta. Macho na ubongo huondolewa, pamba hujazwa, kijiti hupitishwa ndani kutoka kichwani hadi mkiani, mabawa hulazwa ubavuni, na miguu hupishanishwa na kufungwa uzi wenye lebo. Mwenye mkono uliozoea hammalizi ndege mmoja kwa dakika chache, sembuse mgeni. Ndege wa kwanza wa kila mwanafunzi huwa hatazamiki, nasi tunamtunza vilevile.

Tunamtunza kwa ajili ya lebo. Hapo hupatikana mahali ndege alipookotwa, tarehe, mwinuko, uzito, jinsia kama ilivyoonekana kwenye korodani au ovari, rangi ya macho ambayo haitaonekana tena, na jina la mkusanyaji. Ngozi iliyoharibika yenye lebo kamili inamfaa mtafiti. Ngozi nzuri isiyo na lebo haimwambii kitu. Nikimpata mwanafunzi mmoja tu aliyeondoka akiwa ameuelewa ukweli huo, naona makumbusho yamepata faida.

Wasemaji wa Kiswahili wanahusika hapa kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mwezi wa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais wa Marekani, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa akiwa na msafara uliotumwa kwa ushirikiano na Smithsonian. Edgar Mearns alishughulikia zaidi ndege, Alden Loring wanyama wadogo, Edmund Heller wanyama wakubwa. Wapagazi zaidi ya 200 walibeba mizigo, ikiwemo chumvi ya kutunzia ngozi. Walipita nchi ya Kenya na Uganda ya leo, wakateremka na Nile hadi Khartoum, wakafika huko Machi 1910. Vielelezo zaidi ya 23,000 vya wanyama na mimea vilipelekwa Washington, na hadi leo watafiti wanavifungua na kuvipima.

Lebo za wakati ule ziliandikwa kwa majina ya wakati ule. Tuchukue kielelezo kilichoandikwa Guaso Nyiro. Mito yenye jina hilo ni miwili, Ewaso Nyiro wa Kaskazini unaoelekea kinamasi cha Lorian na ule wa Kusini unaoishia Ziwa Natron, na msafara ulifika kote kuwili. Mwanafunzi anayepewa kazi ya kuitia lebo hiyo kwenye ramani hawezi kubahatisha. Atatazama tarehe, atailinganisha na shajara za wasafiri, atatazama mwinuko kama umeandikwa, na akipata jibu ataandika pia ukubwa wa shaka kwa kilomita. Au lebo iliyoandikwa Juja Farm: akiweka nukta katikati ya mji wa Juja wa leo kana kwamba ndipo mnyama alipopatikana, amedanganya bila kukusudia, kwa sababu shamba lile lilikuwa eneo pana na si mji huu. Kijana aliyekulia Narok au Isiolo ataona tatizo la mito miwili kabla mlezi wake hajamaliza kueleza. Ujuzi huo haufundishwi Washington, na ndiyo maana nawahimiza vijana wa Afrika Mashariki walioko Marekani waombe nafasi hizi kwa kujiamini.

Kazi hiyo ya ramani si ya kupamba. Rekodi zikishasahihishwa huingizwa kwenye hifadhidata ya kimataifa iitwayo GBIF, yenye rekodi zaidi ya bilioni 2 ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Anayetaka kujua kama swala fulani amepungukiwa na eneo tangu enzi za babu zetu huanzia hapo. Nukta ikiwa imewekwa kwenye mto usio wake, jibu lote linakwenda upande.

Kupima nako kunachosha kuliko vijana wanavyotarajia, lakini matokeo yake yanaweza kuwa makubwa ajabu. Chicago iko kwenye njia ya ndege wahamao, na majengo ya vioo huwaua wengi usiku. Kuanzia 1978 Dave Willard wa Field Museum, pamoja na wengine, walikuwa wakiwaokota chini ya majengo alfajiri, naye Willard akiwapima kwa rula ileile na kwa mkono uleule: bawa, mfupa wa mguu, uzito. Hadi 2016 rekodi zilikuwa zimefika 70,716. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Brian Weeks ilizichambua na kuonyesha kwamba ndege wa spishi nyingi walikuwa wamepungua umbo. Mfupa wa mguu ulipungua kwa wastani wa asilimia 2.4 huku mabawa yakirefuka kwa asilimia 1.3, mabadiliko yaliyokwenda sambamba na kupanda kwa joto. Tofauti ya asilimia 2 kwa ndege mdogo ni chini ya milimita. Anayepima kwa haraka ili awahi chakula cha mchana anaifuta tofauti hiyo yote. Kwa hiyo tunapomwambia mwanafunzi apime mara tatu na aandike vipimo vyote vitatu, hatumwonei.

Vilevile mayai. Miaka ya 1960 Derek Ratcliffe wa Uingereza alipima maganda ya mayai ya kozi yaliyokusanywa zamani na watu waliokuwa wakiyahifadhi kama pambo. Akagundua kwamba maganda yalianza kuwa mepesi mwishoni mwa miaka ya 1940, dawa ya kuua wadudu ya DDT ilipoanza kutumika mashambani. Aliyeyakusanya hakuwa na habari kabisa na DDT. Hakuna anayejua leo ni swali gani litaulizwa kesho kwenye droo zetu, na kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema mikusanyo ya zamani ni mzigo wa kulipia umeme tu.

Droo za hapa kwetu nazo zina mambo. Mabaki yaliyochimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya 1978 na 1981, yalikaa Nairobi kwa miongo kadhaa bila kuelezwa kikamilifu, mpaka mtafiti Matthew Borths alipofungua droo akiwa katika utafiti mwingine. Yeye na Nancy Stevens walitangaza mwaka 2019 kwamba ni mnyama mla nyama wa miaka milioni 22 hivi iliyopita, mkubwa kuliko simba wa leo, wakamwita Simbakubwa kutokaafrika. Aliyeyachimba alikwishafanya kazi yake. Kilichokosekana ni jicho lililozoezwa, na macho ya namna hiyo huzoezwa mapema, mtu akiwa mwaka wa pili au wa tatu chuoni.

Sasa masharti, maana hapa wengi huumia. Nafasi zinazolipiwa na NSF ni za raia wa Marekani na wenye ukazi wa kudumu. Mtoto wa familia iliyohamia huko na kupata ukazi anaruhusiwa kabisa, hata kama anasoma chuo kidogo kisicho na maabara, na programu hizi hutafuta kwa makusudi wanafunzi wa vyuo kama hivyo. Mwanafunzi aliyeko Dodoma au Bukavu hawezi kuingia kwa mlango huo. Smithsonian wana mafunzo mengine yanayopokea wageni kwa viza, ila asome kwa makini nani analipa nini. Mafunzo yasiyo na posho ni upendeleo kwa wenye nacho. Kijana ambaye wazazi wake hawawezi kumlipia nauli na pango la miezi miwili na nusu hayuko kwenye ushindani hata kidogo, hata awe na akili namna gani, na taasisi zinazoendelea na utaratibu huo zinajipunguzia wanasayansi zenyewe.

Maombi ya Marekani mengi hufungwa kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo barua za walimu ziombwe kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka, si wiki ya mwisho. Kwenye barua yako usijaze kurasa ukieleza ulivyopenda wanyama tangu utotoni. Soma makala mbili tatu za mtafiti unayetaka akulee, kisha eleza ni jambo gani ndani yake limekushika na ungependa kulipima vipi. Kama umewahi kufanya kazi inayotaka uvumilivu, iwe ni kuhesabu miche kwenye shamba la chuo au kuandika daftari la duka la familia bila kukosea, itaje. Naithamini kuliko alama.

Kwa walioko nyumbani, likizo ndefu na kipindi cha kwenda fildi au atachimenti vinatosha kwa mradi mdogo wa aina hii. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi yana mikusanyo ya ndege, wadudu, samaki na wanyama wengine, na hapohapo iko Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, Tanga, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi 1950, yenye vielelezo vya mimea vipatavyo milioni moja. Andika kwa mkuu wa kitengo unachokitaka, uambatishe barua ya chuo na bima, na utaje kikundi kimoja cha viumbe: panya, vyura, kunguni wa mimea, chochote. Ombi linalosema "nafasi yoyote" hupita meza nyingi bila kupata mwenyewe. Linalosema "ningependa kulinganisha lebo za vyura wa Usambara za kabla na baada ya 1960" hupelekwa siku hiyohiyo kwa mtu wa vyura.