Mvinje si msonobari, na pete ya fedha haijui sumu

Mvua za mwaka zilikuwa zimenyesha siku nne mfululizo pale kijana wetu wa kuosha vyombo alipoingia jikoni na kikapu cha ukili kilichofunikwa gazeti. "Shefu," akaniambia, "leo nimetuokolea pesa." Ndani mlikuwa na uyoga: kofia nyeupe pana kama visahani, zenye magamba ya kahawia katikati. Alikuwa ameuchuma alfajiri kwenye nyasi za kando ya mivinje, njia ya ufuoni.

Nilimwelewa. Hapa Malindi tunapikia Waitaliano wengi, na kila mara hutuona tukifungua vifuko vya porchini, uyoga uliokaushwa unaotoka kwao na kupimwa kama zafarani. Mgeni mmoja alikuwa amemwambia kwamba kwao hiyo huchumwa bure, katika misitu ya miti yenye majani kama sindano. Kijana akatazama nje, akaona mivinje.

Kabla sijafungua mdomo, jiko lilikwisha kugeuka baraza. Kila mmoja alikuwa na kanuni yake ya kutambua uyoga mwema. Nilichukua kofia moja, nikaikata kikonyo, nikailaza kifudifudi juu ya karatasi iliyo nusu nyeupe nusu nyeusi, nikaifunika kwa bakuli. "Jibu kesho," nikasema. Nayo ilipokuwa inalala pale, tuliyapitia ya barazani moja moja.

"Mvinje ni msonobari wa pwani"

Ukitazama kwa mbali utaapa ni kweli. Ile inayoitwa sindano za mvinje, hata hivyo, ni vitawi vyembamba vyenye pingili. Majani yenyewe ni vigamba vidogo sana vilivyozunguka kila pingili, na ukikikata kitawi taratibu utaviona. Mvinje hutoa maua, jambo ambalo msonobari haulifanyi kabisa. Kiukoo mvinje uko karibu na mialoni ya Ulaya kuliko ulivyo karibu na msonobari wowote.

Jambo hili lina uzito kwa sababu porchini haioti popote penye kivuli na unyevu. Uyoga tunaouona ni tunda tu. Mwili wake ni nyuzi zilizotandaa ardhini, na nyuzi za porchini hufunika ncha za mizizi ya mti hai: mti unatoa sukari, nyuzi zinaleta maji na madini. Ni ndoa, na porchini huchagua mume: msonobari na jamaa zake, mwaloni, mchesnati. Wakoloni waliopanda misonobari Afrika waligundua ndoa hiyo kwa hasara, kwani miche ilidumaa vitaluni mpaka ikaletewa udongo wenye nyuzi hizo. Baada ya hapo uyoga ukafuata miti, na leo porchini huchumwa katika mashamba ya misonobari ya Afrika Kusini.

Anayesafiri bara naye asidanganyike na kila mti wa sindano. Misaipresi, ile ambayo wengi huiita miti ya krismasi, hufunga ndoa na kuvu wa aina nyingine kabisa, wasiotoa kofia juu ya ardhi. Unaweza kuzunguka shamba la misaipresi kutwa nzima ukitafuta porchini, ukarudi na matope tu.

Kinachonichekesha ni kwamba miti ya kweli ya uyoga tunayo jirani. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, una mrihi na mbambakofi, na yote miwili hufunga ndoa ya mizizi kama msonobari unavyofanya. Ni msitu wa serikali wenye taratibu zake, na wenye ndovu pia, kwa hiyo si mahali pa kuingia na kikapu kwa sababu tu umesikia habari zake kwangu.

"Fedha ikiwa nyeusi, kuna sumu"

Hii aliileta mama wa saladi, akavua na pete yake, kazi ya sonara wa Lamu, nzuri kweli. Atie pete sufuriani: ikibaki nyeupe, tule. Wengine hutia kitunguu saumu au punje za mchele badala yake.

Fedha huwa nyeusi ikikutana na salfa, basi. Yai la kuchemsha litaigeuza rangi, na hakuna anayesema yai ni sumu. Kwa upande wa pili, sumu ya *Amanita phalloides*, uyoga unaoua watu wengi kuliko wowote duniani, haiigusi fedha wala kitunguu wala mchele. Pete itatoka ikimetameta, na watu watakaa kula.

"Ukichemsha sana, sumu inakwisha"

Hapa ndipo nilipokaza sauti, maana kosa hili ni la sisi wapishi hasa. Sumu ya *Amanita phalloides* haivunjwi na moto, wala barafu, wala jua la kukaushia. Nusu ya kofia moja inaweza kumuua mtu mzima, hata ikikaa kwenye tui la nazi saa tatu. Halafu kuna uyoga wa misitu ya misonobari uitwao *Gyromitra*, uliokunjamana kama ubongo. Huo sumu yake hutoka kiasi kwa kuchemshwa, ila hutoka na mvuke, na anayesimama juu ya sufuria ndiye anayeivuta. Wafini huuza uyoga huo pamoja na maelekezo ya kuuandaa. Mimi sina haja nao.

"Sumu ni chungu, ulimi utakwambia"

Waliokula *Amanita phalloides* wakapona wamesimulia kuwa ulikuwa na ladha nzuri.

"Tumbili akila, nawe kula"

Konokono asiye na gamba huutafuna uyoga huo huo akaendelea na safari yake. Sungura pia huustahimili kuliko sisi. Tumbo la mnyama lina sheria zake.

"Unaoota kwenye gogo ni salama"

Mzee wa kuchoma samaki aliishikilia sana hii. "Wa ardhini ndio mbaya, mwanangu. Wa mtini haumdhuru mtu." Nikamwambia, mzee wangu, Japani walikuwa na uyoga mweupe, laini, unaoota kwenye magogo ya misonobari na jamaa zake, na watu wameula vizazi na vizazi. Mwaka 2004 ukawaua watu 17, wengi wao wakiwa na maradhi ya figo tangu awali. Alikaa kimya kidogo, akasema Wajapani nao hula kila kitu.

"Kata kwa kisu, ukiung'oa umeuua"

Tangu 1975 hadi 2003 watafiti wa Uswisi walifuatilia mavuno ya uyoga msituni. Ukatwe au ung'olewe, miaka iliyofuata haukupungua. Kilichopunguza idadi ni kukanyaga ardhi. Kwa mwanagenzi kung'oa ndiko bora: jamaa wa *Amanita* wengi wana kikombe mwanzoni mwa kikonyo, na kikombe hicho mara nyingi kimefichwa na udongo. Ukikata juu juu, umeacha ardhini ushahidi uliokuwa ukuokoe.

"Ukiona tumbo linasokota, kunywa dafu"

Au maziwa, au mafuta ya nazi. Hakuna hata kimoja kinachokata sumu hii. Ubaya wa *Amanita phalloides* ni subira yake. Mtu hula usiku, analala vizuri, na kutapika na kuharisha huanza baada ya saa 6 au hata 24. Kisha hutulia siku moja au mbili, aliyekunywa dafu akalisifu dafu, na wakati huo ini linaendelea kufa. Anayeshuku aende hospitali hata kama amepata nafuu, na achukue mabaki ya uyoga, mabichi au ya sufuriani, pamoja na wote waliokula naye. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na kwa uyoga hawakusema kwa mafumbo.

"Bibi yangu alikuwa anaujua"

Hii ndiyo ngumu kuijibu, kwa sababu bibi alikuwa anaujua kweli. Mimi mwenyewe uyoga wa porini ninaoula ni wa kichuguu, nilioonyeshwa nikiwa mtoto. Mchwa huulima ndani ya nyumba yao, na kikonyo chake hushuka chini kama mzizi mrefu hadi kwenye shamba lao. Ukichimba ukakosa mzizi huo, huo si wa kichuguu.

Lakini elimu ya bibi iliishia pale bibi alipoishia kutembea. Mwaka 2015 wakimbizi wengi waliofika Ujerumani, baadhi wakiwa Wasyria, walilazwa hospitalini kwa kula *Amanita phalloides*, wakidhani ni uyoga wanaoufahamu kwao. Kule California yamewakuta watu waliotoka Asia ya kusini-mashariki, ambao uyoga wao wa majani ya mpunga, ukiwa mchanga, unafanana nao. Si wajinga. Walijua uyoga wao vizuri, katika nchi nyingine. Hata Waitaliano wenyewe hawajiamini: sheria yao namba 352 ya 1993 iliweka wakaguzi wa uyoga kwenye ofisi za afya, na mchumaji hupeleka kikapu chake kikakaguliwa bure. Yule mgeni wetu hakumwambia kijana habari ya wakaguzi.

Asubuhi kijana alifika kabla yangu. Nilimkuta amesimama mbele ya bakuli, hajaligusa. Nikalifunua, nikainua kofia polepole. Kwenye upande mweupe wa karatasi matamvua, zile pindo nyembamba za chini ya kofia, yalikuwa yamechora jua zima, mshale kwa mshale, na vumbi lake, ambalo kwa uyoga ndilo mbegu, lilikuwa la kijani.

Vumbi jeupe lingeniacha gizani, maana la *Amanita* ni jeupe, na la uyoga mwingi mwema ni jeupe vilevile. Kijani ni habari nyingine. Ni *Chlorophyllum molybdites*, uyoga wa nyasi za nchi za joto, unaopenda bustani za hoteli kama zetu. Kwa kawaida hauui, ila ndani ya saa moja hadi tatu ungekuwa umewalaza jiko zima na wageni wa meza zote wakitapika na kuhara, na mtoto mdogo ungeweza kumfikisha pabaya.

"Na ule wa porchini," kijana akauliza, "unatoa rangi gani?"

"Kahawia, kama zeituni. Nao hauna matamvua, chini ni kama sifongo."

Akaichukua karatasi, akaipuliza vumbi lililolegea, akaibandika ukutani juu ya sinki lake.